Ageuke Sasa au Asubiri? Mwongozo Kamili wa Kugeuza Pokémon

Jioni moja ya Desemba, kibarazani kwetu Shangani hapa Mtwara, mpwa wangu alikuwa ameinamisha Game Boy Advance kuelekea taa ya mlangoni. Toleo lile la kwanza, la 2001, halina taa ndani ya kioo. Giza likiingia unautafuta mwanga kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Pikachu wake, mmoja wa viumbe wa gemu ya Pokémon, alikuwa levo ya 22. Alikuwa ametoka kununua Thunder Stone, jiwe la kumgeuza, kwenye duka kubwa la Celadon, mji wa ndani ya gemu, kwa 2,100, pesa za gemu alizozikusanya siku mbili nzima. Akalichagua jiwe, akabonyeza A. Kioo kikawa cheupe, kivuli cha Pikachu kikavimba na kunywea, kikavimba tena, Raichu akatokea. Mtoto akaruka, sahani ya korosho ikamwagika sakafuni. "Mjomba, nimempata!"

Sikuwa na moyo wa kumwambia usiku ule. Nilimwambia asubuhi, tukinywa chai. Pikachu alibakiza levo nne tu ajifunze Thunderbolt, pigo la umeme ambalo lingembeba hadi mwisho wa gemu. Na katika gemu ile Raichu hajifunzi pigo lolote jipya kwa kupanda levo. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Sasa mimi ningejuaje?"

Angejua kama kuna mtu angemweleza kwa Kiswahili, pole pole, kwa mifano. Ndiyo kazi ninayojaribu kuifanya hapa. Mifano mingi nitaitoa kwenye FireRed na LeafGreen, gemu za 2004 zilizotengenezwa upya kutokana na zile za kwanza za 1996, kwa kuwa ndizo anazocheza yeye na kwa kuwa gemu hizi hazisamehi haraka. Ukiielewa hesabu yake humu, gemu mpya zitakuwa rahisi kwako. Pokémon GO ya kwenye simu ina sheria zake, nayo nimeitengea sehemu yake mbele.

Neno nitakalotumia ni kugeuka, yaani Pokémon kubadilika kuwa wa hatua ya juu. Charmander anageuka Charmeleon, Charmeleon anageuka Charizard. Mashambulizi nitayaita mapigo.

Uongo wa kuondoa kichwani kwanza

Karibu kila mchezaji chipukizi niliyekaa naye ameshasikia kwamba ukimzuia Pokémon asigeuke mapema, anakusanya nguvu ndani, na siku akigeuka anakuwa mkali kuliko wa wenzake. Si kweli, na imani hii imewachosha watu wengi bure.

Gemu haiweki nguvu akiba. Kila aina ya Pokémon ina namba zake za msingi, na nguvu zake zinakokotolewa upya kutokana na namba hizo kila anapopanda levo au kugeuka. Mchukue Magikarp, yule samaki wa kurukaruka. Namba yake ya msingi ya shambulizi ni 10. Gyarados, anayegeuka kutoka kwake levo ya 20, ana 125. Ukiacha pembeni vipaji vya kuzaliwa na mazoezi, hesabu ni hii: zidisha namba ya msingi mara mbili, zidisha kwa levo, gawa kwa 100, ongeza 5. Magikarp wa levo ya 20 anapata shambulizi la 9. Gyarados wa levo ileile anapata 55. Samaki yuleyule, dakika ileile, kutoka 9 hadi 55.

Sasa chukua Charmander wawili waliozaliwa na vipaji sawa, wenye tabia moja, waliopigana na maadui walewale. Mmoja ageuke levo ya 16 kama kawaida, mwingine umzuie hadi 31. Wakifika wote levo ya 40 wakiwa Charizard, namba zao zitalingana hadi ya mwisho. Yule uliyemzuia hakuongeza chochote kwenye nguvu. Alichofanya ni kupigana levo kumi na tano akiwa dhaifu kuliko alivyopaswa kuwa.

Basi kwa nini mtu azuie? Kwa sababu moja kubwa: mapigo. Ambaye hajageuka mara nyingi hujifunza mapigo yake mapema kuliko aliyegeuka, na wapo wanaojifunza mapigo ambayo wakishageuka hawayapati tena kwa kupanda levo. Uamuzi wote umelala hapo. Huulizi kama atakuwa na nguvu zaidi, maana jibu la hilo karibu siku zote ni ndiyo. Unauliza: akigeuka leo anapoteza pigo gani, na pigo hilo linarudi?

Hatua ya kwanza: jua anageuka kwa njia gani

Njia ndiyo inayoamua una haraka kiasi gani. Wanaogeuka kwa levo wanakuja wenyewe, na wewe unachoweza ni kuzuia tu. Kioo kikianza kumetameta, shika kitufe cha B, mgeuko unakatika. Akipanda levo nyingine atajaribu tena, nawe utazuia tena ukitaka. Kuzuia kwenyewe hakumdhuru. Hakasiriki wala hachoki. Ukichoka wewe kubonyeza, mbebeshe jiwe liitwalo Everstone, atatulia alivyo mpaka umvue.

Wanaogeuka kwa mawe, kama Pikachu, Growlithe, Vulpix na Eevee, hawageuki mpaka wewe uamue. Hawa ndio wanaohitaji akili zaidi, na nitarudi kwao.

Wanaogeuka kwa kubadilishana na mchezaji mwingine ni Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter. Kwetu huku shida yao si lini, ni nani. Unahitaji Game Boy ya pili, kaseti ya pili, na waya au kifaa cha kuunganisha. Ukimpata mwenzako mwenye navyo, badilishaneni siku hiyohiyo, kila mmoja amrudishie mwenzake wake. Usimsubirishe kwa ajili ya mapigo: Alakazam, anayetokana na Kadabra, anajifunza karibu vilevile kama yeye, na kwa levo zilezile. Usipompata mtu, mlee Kadabra wako kwa amani. Ni mkali vya kutosha kumaliza gemu nzima. Waliocheza Legends: Arceus ya 2022 wana bahati, maana mle kuna kifaa kiitwacho Linking Cord kinachomgeuza bila kumhitaji mtu wa pili.

Mwisho kuna wanaogeuka kwa urafiki, kama Golbat kuwa Crobat. Urafiki unapanda kwa kutembea naye na kumpandisha levo, unashuka kila anapozimia vitani. Hapa kuna jambo linalowatia watu wazimu kwenye FireRed na LeafGreen: Golbat anaanza kumetameta, kisha mgeuko unakatika wenyewe hata hujagusa B. Kaseti haijaharibika. Gemu imekataza Pokémon wasio wa Kanto, nchi ya gemu hii, mpaka upate National Dex, orodha ya Pokémon wa nchi zote, nayo inatolewa ukishawashinda wale wanne wakuu wa mwisho na ukiwa umeshapata aina 60 za Pokémon. Mpaka hapo, Golbat atabaki Golbat.

Hatua ya pili: andika orodha mbili, uzilaze pamoja

Chukua daftari. Upande wa kushoto andika mapigo ya Pokémon ulivyo naye sasa na levo anazoyapata. Upande wa kulia andika ya yule atakayekuwa. Halafu tembeza kidole mstari kwa mstari.

Tuanze na Bulbasaur, kwa kuwa tofauti yake inaonekana haraka. SolarBeam anaipata levo ya 46. Akigeuka Ivysaur ataisubiri hadi 56. Akiwa Venusaur, hadi 65. Mtu akiona hivyo anaweza kusema basi abaki Bulbasaur hadi 46. Subiri kidogo, hatua inayofuata itamjibu.

Charmander anapata Flamethrower levo ya 31, Charmeleon levo ya 34. Tofauti ni levo tatu.

Growlithe ndiye mfano ninaoupenda kuliko wote. Anapata Flamethrower levo ya 49. Arcanine hapati Flamethrower kwa levo hata akifika 100. Badala yake, levo ileile ya 49 Arcanine anapata ExtremeSpeed, pigo la kuwahi kabla adui hajainua mkono. Kila upande una kitu chema, na vyote viwili vimewekwa kwenye mlango mmoja.

Sasa ligeuze daftari uangalie upande wa pili, maana wengi wanasahau kwamba kuchelewa nako kunapoteza. Yapo mapigo yanayokuja siku ileile ya mgeuko. Charizard anapata Wing Attack levo ya 36, ambayo ndiyo levo ya kugeuka kwake. Butterfree anapata Confusion levo ya 10. Kabutops anapata Slash levo ya 40. Ukimzuia Charmeleon kwa B pale 36 na kumwachia 37, Wing Attack imekupita. Kwa hiyo levo ya mgeuko yenyewe ni levo ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote.

Nimemtaja Kabutops, na nikimtaja nawakumbuka jamaa zetu wa Lindi. Pokémon huyu anafufuliwa kutokana na kisukuku, na Lindi ndiko kwenye Tendaguru, mahali ambapo kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria, wabebaji wa hapahapa wakiibeba kwa mabega hadi pwani. Dinosaria mmoja amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake kinapita mita 13. Mtoto wa Lindi akichagua Dome Fossil, kisukuku chake, kwenye mlima wa Mt. Moon ndani ya gemu, namwelewa kabisa. Kabuto wake, anayegeuka Kabutops, amgeuze palepale 40.

Hatua ya tatu: pima gharama ya kusubiri

Turudi kwa Bulbasaur wa SolarBeam. Kutoka levo ya 16 hadi 46 ni levo thelathini. Katika levo hizo utapambana na viongozi wa majumba ya mazoezi karibu wote, ukiwa na Pokémon wa hatua ya kwanza dhidi ya wengi waliokwishageuka. Kila pambano litakuwa refu, dawa zitakwisha, pesa zitakwisha. Na unachosubiri ni pigo linalokula zamu nzima kukusanya mwanga kabla halijapiga. Hailipi. Mwache ageuke 16, ila hakikisha amejifunza Sleep Powder levo ya 15.

Charmander naye mwache ageuke. Levo tatu za kuisubiri Flamethrower si kitu ukizilinganisha na levo kumi na tano za udhaifu.

Pikachu wa mpwa wangu ni kinyume chake. Alihitaji levo nne tu, na pigo lenyewe lingebaki naye maisha. Hapo unasubiri bila kujiuliza mara mbili.

Kipimo changu, baada ya miaka mingi ya kucheza na kujutia, ni hiki: levo tano au chini yake kwa pigo utakalolitumia kila siku, subiri. Zaidi ya kumi, mgeuze utafute njia nyingine ya kulipata. Katikati ya tano na kumi, angalia kilicho mbele yako. Kama kesho unakwenda kwa kiongozi wa mazoezi na timu yako inayumba, mgeuze leo. Kama una nafasi ya kuzurura porini, vumilia. Huku Kusini mtoto haendi jandoni kwa sababu tu wa jirani kaenda. Wazee wanaangalia umri wake, msimu, na kama mavuno yameshaingia ndani. Nawe iangalie timu yako namna hiyo, usiangalie ya mwenzako.

Hatua ya nne: je, pigo linarudi?

Kuna milango miwili ya kurudishia pigo lililopotea, na kila mmoja una sheria.

Mlango wa kwanza ni TM, zile diski za kufundishia. Thunderbolt ni TM24 na Flamethrower ni TM35. Zote mbili zinapatikana kwenye ukumbi wa michezo ya bahati wa Celadon kwa sarafu 4,000 kila moja. Katika gemu za zamani TM ikitumika mara moja imekwisha, kwa hiyo ukimpa Raichu ile Thunderbolt, hakuna atakayeipata mwingine mpaka ukanunue tena. Kuanzia Black na White za 2010 TM zikawa hazikwishi, na uamuzi ukawa mwepesi, ingawa katika gemu mpya za Scarlet na Violet zinakwisha tena.

Mlango wa pili ni mtu anayekumbusha mapigo. Katika FireRed na LeafGreen yupo kisiwa cha Two Island, unafika kwake baada ya kumshinda Blaine, kiongozi wa mazoezi wa Cinnabar. Anadai uyoga: TinyMushroom mbili au Big Mushroom moja. Katika gemu ya Emerald yupo mji wa Fallarbor na anadai kitu kiitwacho Heart Scale. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Huyu anakumbusha mapigo yaliyomo kwenye orodha ya Pokémon alivyo sasa tu. Yaliyokuwa kwenye orodha ya zamani, kabla hajageuka, hayajui.

Mrudie Growlithe ukiwa na sheria hiyo mkononi. Ukimgeuza mapema, Arcanine atapata ExtremeSpeed 49, lakini Flamethrower haimo kwenye orodha yake, kwa hiyo mkumbushaji hawezi kukusaidia. Itabidi ulipe sarafu 4,000. Ukimsubirisha hadi 49, atajifunza Flamethrower akiwa Growlithe. Halafu umpe jiwe lake, Fire Stone. Halafu upeleke uyoga Two Island, ukumbushiwe ExtremeSpeed, ambayo imo kwenye orodha ya Arcanine. Umepata vyote viwili bila kugusa ukumbi wa sarafu. Mpangilio uleule ukiugeuza, umekosa kimoja.

Kwa hiyo kila unapoona mapigo mawili yanagongana, jiulize lipi limo kwenye orodha ya aliyegeuka. Hilo linaweza kungoja. Lile lisilokuwemo ndilo la kulichukua kwanza.

Wa mawe, na kabla hujabonyeza

Pokémon wengi wa mawe wakishageuka wanaacha kujifunza, au wanajifunza kitu kimoja tu. Raichu nimeshamweleza. Ninetales ni ndugu yake katika hili: Vulpix anapata Flamethrower levo ya 29, basi fika 29 kwanza. Thunder Stone, Fire Stone, Water Stone na Leaf Stone zinauzwa Celadon, kwa hiyo jiwe halikimbii. Moon Stone haiuzwi dukani katika gemu hizi. Ukiipata, amua kwa utulivu utampa nani kabla hujaitoa mkobani.

Eevee wa Celadon ni mmoja tu, unapewa akiwa levo ya 25, na mgeuko wake haurudi nyuma. Usiulize nani mzuri. Iangalie timu yako ina pengo gani: kama huna wa maji, Vaporeon, kama huna wa umeme, Jolteon, kama huna wa moto, Flareon.

Na kila mara, bila kukosa, kabla ya kutumia jiwe fungua menyu ubonyeze SAVE. Ukigeuza kisha usipende ulichokiona, zima kifaa bila kuhifadhi, uwashe tena. Pikachu wako yupo palepale. Mpwa wangu hakuwa amehifadhi kabla. Alihifadhi baada, kwa furaha, ili asimpoteze Raichu.

Wapo pia ambao mgeuko wenyewe una bei. Scyther na Scizor wana jumla ileile ya namba za msingi, 500 kwa 500. Scizor anapata shambulizi 130 badala ya 110 na ulinzi 100 badala ya 80, lakini kasi inashuka kutoka 105 hadi 65. Ukiwa mchezaji wa kupiga kwanza, Scyther wako hana haja ya kwenda popote. Na tangu Black na White kuna kitu cha kubeba kiitwacho Eviolite kinachomwongezea nusu ya ulinzi wa aina zote mbili yule ambaye bado anaweza kugeuka. Chansey akiivaa anakuwa ukuta unaowatoa watu jasho.

Kwa wenye gemu mpya nina maneno machache. Katika Scarlet na Violet za Novemba 2022, mapigo ya kwenye orodha ya Pokémon wako unayakumbusha kwenye menyu, bure, wakati wowote. Yale ya siku ya mgeuko yanatolewa hata ukichelewa. Mle mgeuze anapokuwa tayari uendelee na safari.

Pokémon GO ni nchi nyingine

Humu hakuna mapigo ya levo. Pokémon akigeuka, mapigo yake yanapangwa upya kwa bahati kutoka kwenye orodha ya aina mpya. Kwa hiyo usimpe pigo la gharama kabla hajageuka, litafutwa. Kinachobaki bila kubadilika ni levo yake na vipaji vyake vitatu: shambulizi, ulinzi na uhai, kila kimoja kuanzia 0 hadi 15. Vikague kabla hujatoa peremende za kumgeuzia. Gusa Appraise, utaona mistari mitatu na nyota. Peremende ndiyo gharama halisi: Pidgey anataka 12 tu, wengi wanataka 25, 50 au 100, na Magikarp anataka 400. Ukimlisha samaki wa nyota sifuri peremende 400, wiki nyingi za kukamata zimekwenda na maji.

Jambo la pili ni siku. Kila mwezi huwa na Community Day, siku ambayo ukimgeuza Pokémon aliyeteuliwa anapata pigo maalumu ambalo siku za kawaida hapewi. Kawaida inaanza saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni kwa saa za mahali ulipo. Hapa kwetu saa nane jua la pwani linachoma kichwa. Vaa kofia, beba maji, anzia chini ya miti, uache kugeuza mpaka dakika za mwisho ukishawakagua wote uliowakamata. Ila usipitishe muda ulioandikwa kwenye tangazo la siku hiyo ndani ya gemu. Mwenye peremende za kutosha leo na Community Day ya Pokémon wake bado haijafika, mimi namshauri azitunze.

Ukipenda mashindano ya ligi, angalia CP, namba inayoonyesha nguvu za Pokémon. Great League haimruhusu aliyezidi 1500, Ultra League 2500. CP inapanda ukigeuza na haishuki tena. Pokémon wa CP 900 anaweza akaruka akapita 1500 ukambakiza nje ya uwanja uliomtayarishia, kwa hiyo kokotoa kwanza kwa programu za kukadiria ndipo uguse.

Wale wa kubadilishana, Machoke na wenzake, humu wanageuka bila peremende hata moja wakishabadilishwa na rafiki. Lakini vipaji vinapangwa upya siku ya kubadilishana. Mwenye nyota tatu usimtoe. Toa yule wa kawaida, huenda akafika kwa mwenzako akiwa bora.

Na Eevee tena. Mfanye awe rafiki wa safari, tembea naye kilomita 10, halafu mgeuze akiwa bado ndiye rafiki yako. Mchana anakuwa Espeon, usiku Umbreon. Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kama kilomita 10 hivi, na mimi Espeon wangu nilimpata kwa safari hiyo, nikaketi jirani na Boma la zamani, bahari ikiwa imekupwa na kina mama wakiokota chaza kwenye matope, jua bado liko juu. Ukipanda bodaboda hesabu haisogei. Njia nyingine ni ya jina: mpe Eevee jina la Sakura kabla hujamgeuza na atakuwa Espeon, au Tamao na atakuwa Umbreon. Ila kila jina linafanya kazi mara moja tu, kwa hiyo litunze kwa Eevee mwenye vipaji vizuri.

Daftari la mpwa

Baada ya ile chai tulichukua daftari la hesabu lililobaki kurasa, tukachora mistari miwili. Kila Pokémon wa timu ana ukurasa wake: anageuka kwa nini, levo gani, pigo gani litapotea, linarudi kwa njia gani. Raichu hatukumwacha. Tulimtafutia sarafu 4,000, na Thunderbolt anayo.

Likizo ilipoisha alirudi Newala. Juzi alinipigia simu jioni. Growlithe wake amefika levo ya 47. Fire Stone iko mkobani wiki ya pili sasa na hajaigusa. Ukurasa wake alinisomea mwenyewe: 49 Flamethrower, SAVE, jiwe, uyoga 2, Two Island. Uyoga ndio hana. Akaniuliza kama Paras wa Mt. Moon huwa wamebeba TinyMushroom ukiwakamata. Nikamwambia baadhi yao wanao, akakamate mpaka apate wawili.